Sauti ya Raheli Kwenye Magofu ya Wagiriki

Nilikwenda Ugiriki kuchukua mifupa ya binti yangu. Nalisema hili mwanzoni kwa sababu wengi wa hapa Lushoto walioniona napanda basi nimevaa suti walidhani naenda semina, na niliporudi wakaniuliza nimewaletea picha gani.

Raheli alikuwa mtoto wetu wa pili. Alikwenda huko kusomea utunzaji wa majengo ya kale, akamaliza, akabaki, akawa fundi kwenye kikundi kinachotunza magofu ya hekalu moja juu ya mlima. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu wakati wa korona, ndege zikiwa zimezuiwa, akazikwa na watu tusiowajua. Kule mjini Athene kaburi si la milele. Miaka mitatu ikipita hufunguliwa, mifupa ikaoshwa na kuwekwa kwenye kisanduku, ili mwingine apate nafasi. Barua ya kutukumbusha ilipofika, mke wangu aliisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kama wanamtoa, wamtoe mikononi mwetu." Goti lake haliwezi safari ndefu. Nikaenda mimi.

Kulikuwa na jambo jingine lililonisukuma, na hilo sikumwambia mtu. Mara ya mwisho kusema na Raheli kwa simu tuligombana. Mama yangu mzazi alikuwa amefariki na Raheli hakuja kuzika. Alisema kuna nguzo imeshikiliwa na vyuma tu, hawezi kuiacha hivyo. Mimi ni mzee wa kanisa, na nilikuwa na uchungu. Nikamwambia, "Umeacha kumzika bibi yako, unashikilia nyumba ya sanamu?" Akaniaga kwa adabu. Baada ya wiki akanitumia rekodi kwenye simu, na maneno haya: "Baba, sikiliza ukipata nafasi. Nimeisoma mwenyewe." Sikuifungua. Mimi ni bwana mifugo, na siku moja nikiwa kazini simu ile ilinitumbukia kwenye josho la ng'ombe, rekodi ikaenda nayo. Miezi miwili baadaye tukapigiwa kuambiwa kwamba Raheli hayupo.

Jumamosi alfajiri niliondoka nyumbani, upande wa Bumbuli. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mashamba ya chai na wachumaji walipita barabarani wakiwa wamejifunika mifuko ya nailoni. Mke wangu alinikabidhi kisanduku cha mbao ya mkulo alichotengeneza fundi jirani yetu. Ndani alikuwa ametandika kanga aliyomfungia Raheli alipozaliwa. Alikifunga, akakifungua tena kunyoosha kona moja, akakifunga.

Tulishuka Soni, tukashuka Mombo, joto likatupokea, na jioni nikawa Dar es Salaam. Uwanja wa ndege, kijana wa ukaguzi alikifungua kile kisanduku akaona kanga tupu.

"Mzee, hiki ni cha nini?"

"Cha mtoto wangu. Namfuata."

Aliniangalia usoni, akaurudisha mfuniko taratibu kwa mikono miwili.

Jumapili mchana, baada ya kubadilisha ndege Arabuni, niliingia Athene. Mlangoni alinisubiri Saida, mwanamke wa Muheza anayeishi huko miaka mingi na kupika kwenye mgahawa. Yeye ndiye aliyeketi na Raheli hospitali mpaka walipomzuia kuingia, na ndiye aliyetuandikia habari zote. Nilimtambua kabla hajafika, kwa jinsi alivyopiga goti kidogo mbele ya watu wote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

Alikichukua kisanduku kutoka mkononi mwangu, akakipakata kwenye gari njia nzima.

Makaburini walitupangia Alhamisi. Siku ya Jumatatu nilishinda chumbani kwa Saida natazama ukuta. Usiku wa siku hiyo, akiwa anamenya viazi, aliniuliza, "Baba, uliwahi kuisikiliza kazi yake? Ile ya hekaluni?"

Nikamwambia sikuwahi. Sikumwambia kwa nini.

"Basi kesho twende. Bado ipo. Wageni wanapewa kifaa, wanatembea peke yao, kila mahali wanabonyeza namba wanasikia maelezo. Kuna Kiingereza, Kifaransa, lugha nyingi. Kiswahili aliwaomba wakubali, akakisoma yeye."

Jumanne saa nne asubuhi tulishuka basi chini ya mlima, mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Mizeituni ilikuwa kila upande, na mbuzi wenye kengele shingoni walikuwa wakila kando ya ukuta. Niliwaangalia kwato bila kukusudia. Kwenye dirisha la tiketi alikaa mama wa makamo mwenye miwani. Saida alimweleza kwa Kigiriki mimi ni nani. Yule mama alisimama, akatoka nje kwa mlango wa nyuma, akaja kunishika mkono. Alisema maneno mengi, na Saida akanitafsiria: Raheli alikuwa akipita dirishani kila wiki kuuliza kama kuna aliyechagua Kiswahili. Waliochagua hawakuzidi vidole vya mkono mmoja, lakini aliuliza hivyo hivyo.

Wageni wengine huacha kitambulisho ndipo wapewe kifaa. Mimi alikataa changu. Alinivisha shingoni kidude mfano wa rimoti ya televisheni, akaniwekea hedifoni masikioni kwa mikono yake, kama mtu anayemvisha mgonjwa. Saida alikaa kwenye benchi. "Nenda mwenyewe, baba. Imetengenezwa kwa mtu kwenda mwenyewe."

Kwenye kibao cha kwanza nilibonyeza moja.

"Karibu. Jina langu ni Raheli. Onga mshi kwa watu wa kwetu Usambara, na shikamoo kwa wote walionizidi umri. Usiwe na haraka. Mawe haya hayaendi popote."

"Marahaba," nilisema kwa sauti, katikati ya njia. Mzungu mmoja aligeuka kuniangalia. Nilisimama pale mpaka kundi lake lote likanipita.

Sikuwahi kujua kwamba binti yangu ni mwalimu mzuri. Namba tatu alinielekeza nitazame kushoto, na kweli nguzo ilikuwa imelala, vipande vyake vya duara vimefuatana kwenye nyasi. "Hawakuchonga nguzo kwa jiwe moja," alisema. "Walipanga vipande, kimoja juu ya kingine. Tetemeko lilipozilaza, vilianguka kwa mpangilio. Ndiyo maana tunaweza kujua kila kimoja kilikaa wapi." Nilikwenda nikagusa. Jiwe lilikuwa la moto kwa jua na lilikwaruza kidogo, lina vitundu kama jibini.

Namba tano ilikuwa jukwaa la mawe mbele ya hekalu. "Hapa waliletwa ng'ombe wa sadaka," akasema Raheli, na nikasikia tabasamu ndani ya sauti. "Baba yangu ni bwana mifugo. Angekuwepo, kwanza angeuliza kama wamekaguliwa."

Nilicheka. Ndipo machozi yakaja, na sikuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imeshika kifaa.

Namba sita alisema hivi, na nimeyashika maneno yote: "Wapo wanaoniuliza, wewe Mkristo unatafuta nini kwenye nyumba ya miungu ya watu? Siwabishii. Mimi siiombi miungu hiyo. Lakini kuna mtu aliinama juu ya jiwe hili siku nzima, jua likimchoma mgongo, akalinyoosha likakubali. Namtunzia kazi yake mtu huyo."

Hilo lilikuwa jibu langu. Alinipa ndani ya wiki moja, bila hasira, mbele ya wageni wa dunia nzima na bila kunitaja kwa ubaya. Mimi nikaliacha kwenye simu likazama kwenye josho.

Kutoka namba saba njia inapanda sana hadi ukuta wa juu. Nilifika nikihema, nikabonyeza nane.

Naye alikuwa akihema. Mwanzoni nilifurahi, nikaona kama tumepanda pamoja. Alikuwa akieleza jinsi mawe yalivyofungwa kwa vyuma na madini ya risasi yaliyoyeyushwa, lakini kabla ya kila sentensi alivuta hewa mara mbili, na mwisho wa pumzi ulikuwa na mlio mwembamba. Nilibonyeza tena. Nikabonyeza mara ya tatu na kufumba macho. Mlio ule naujua. Nimeusikia kwenye mbavu za ndama zaidi ya miaka thelathini, na mfugaji huwa haamini nikimwambia mnyama wake anaumwa, kwa sababu bado anakula na kutembea. Yale mapafu yalikuwa yameshaanza kuharibika.

Nilikaa chini. Alinitumia rekodi ile miezi miwili kabla ya kufariki. Kama ningeifungua siku ile, hata kwa hasira, hata kwa kutafuta kosa, ningesikia. Ningempigia nimwambie, acha mawe, nenda hospitali leo. Angebisha, lakini angekwenda.

Namba tisa, ya mwisho, alisema kwamba akisimama pale juu na kuangalia bonde huona kama yuko juu ya mwamba wa Irente kule kwetu, anaangalia Mazinde chini. Niliangalia. Palikuwa na mizeituni mpaka chini, na barabara, na basi dogo linalong'aa. Hapafanani na Irente hata kidogo. Alikuwa amekumbuka nyumbani tu.

Saa nane nilirudi kwenye benchi. Saida alinitazama usoni akasogea. Nilimweleza kuhusu namba nane.

"Baba, mimi nilikuwa naye kila Jumapili. Nilimsikia anakohoa, nikampikia tangawizi."

"Wewe hukusomea mapafu."

"Na wewe hukuwepo."

Alilisema kwa upole, kunipa nafuu. Halikunipa nafuu, lakini nilimshukuru.

Alhamisi saa tatu asubuhi tulikuwa makaburini, sehemu ya wageni. Wachimbaji wawili walianza kuchimba. Nilishika kisanduku wazi. Walipofika chini mmoja aliinua mkono kumzuia mwenzake. Nikaona kitambaa cha buluu, bado na rangi yake. Yule mchimbaji alizungumza na Saida, na Saida akashindwa kunigeukia.

"Wanasema hajawa tayari," alisema akitazama chini. "Udongo huu unashika maji. Itabidi wamhamishie upande mwingine, angoje tena."

Nimefukia wanyama kwenye udongo wa kila namna. Sikuhitaji kuelezwa kwamba mwili ulikuwa haujaoza wote. Nilifunga kisanduku, nikampa Saida.

Wakamhamisha asubuhi ile ile, kwenye shimo jipya karibu na ukuta. Nilimwomba mchimbaji koleo. Alisita, kisha akanipa, na mwenzake akarudi nyuma. Sikuwahi kumzika binti yangu, kwa hiyo nikamzika. Nilivua koti la suti, nikafukia mwenyewe mpaka mwisho, nikipumzika mara mbili. Kisha nikaimba ubeti mmoja wa wimbo tunaouimba usharikani tukimsindikiza mtu. Saida, ambaye ni Mwislamu, alisimama kando ameinua viganja.

Jioni nilimpigia mke wangu. Nilimwambia Raheli haji. Aliuliza jambo moja: "Umemfunika vizuri?" Nikasema ndiyo.

Kisanduku nilimwachia Saida akitunze, na kanga yake ndani. Yule mama wa dirishani alitafuta rekodi yote, akaniwekea kwenye simu yangu.

Jumatatu jioni nilipanda tena Soni hadi nyumbani. Majirani walikuwa wamejaa uani. Walipoona mikono yangu mitupu waliniamkia tu, wakanipisha niingie.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, tulibaki wawili. Niliweka simu mezani, tukasikiliza kuanzia moja. Kwenye "Onga mshi" mke wangu aliitikia, kama nilivyoitikia mimi. Kwenye ng'ombe wa sadaka alinipiga bega. Saba ilipokwisha nilibonyeza tisa, kwa kuwa nilikuwa nimeamua njiani kwamba hilo litabaki langu.

"Umeruka," alisema.

"Ni ya vyuma tu."

"Weka."

Nikaweka. Aliinama karibu na simu. Ilipokwisha hakuinua kichwa.

"Alikuwa anaumwa," akasema.

"Ndiyo."

"Hii ndiyo ile aliyokutumia?"

Nilikuwa sijui kwamba anajua. Nikasema ndiyo, ndiyo hiyo, na kwamba sikuifungua. Nje kuku walikuwa wakiparua kwenye majani ya migomba. Nilisubiri aseme lolote, hata lile ambalo nisingeweza kulibeba. Aliondoka akaenda jikoni, akakaa huko muda, nikasikia maji yakimiminwa. Aliporudi alikuwa amenawa uso. Alikaa pale pale alipokuwa.

"Rudia ya kwanza," alisema. "Pale anapotuamkia."

Watu wananiuliza nilijifunza nini Ulaya. Nawaambia mahekalu yao ni makubwa, na kwamba nguzo huanguka kwa mpangilio, na wanaridhika. Kwa wanangu wawili waliobaki nasema zaidi. Nimewaambia wanitumie chochote, hata cha kuniudhi, nami nitakifungua siku hiyo hiyo. Ubishi nitaufanya baadaye, tukiwa sote hai.