Karatasi Safi za Chumba cha Macho

Kliniki nzima ilimwita Bwana Tulia, kwa sababu neno hilo alilitamka mara mia kwa siku. Aliingia hospitali ile akiwa mfagiaji, akapanda hadi dirisha la kadi, na mvi zikiwa zimeshamtoka akafundishwa kuendesha mashine ya kupima utulivu wa jicho. Kwa siku tatu! Kuna watu huchukua muda mrefu zaidi kujua kukaanga yai.

Kazi yenyewe haikuwa na makuu. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kibao, jicho moja linazibwa, la pili linakodolea nukta nyekundu kwa sekunde kumi. Mashine inachora kila mahali jicho lilipotua. Jicho zima huacha vidoa vilivyobanana pamoja. Jicho vivu, lile ambalo ubongo umezoea kulipuuza kwa sababu ya makengeza, huacha vidoa ukurasa mzima. Bwana Tulia alivichukia vidoa hivyo. Mtu aliyefagia sakafu miaka kumi na miwili hapendi vitu vilivyotapakaa. Basi alifuta, akarudia. "Tulia! Nimesema tulia!" Alirudia hata mara sita, mpaka karatasi itoke safi, ndipo akaipeleka kwa daktari kifua mbele.

Mwaka na ushei ukapita hivyo. Kisha akaja daktari mpya, binti wa rika la kitinda mimba wake, akamwita ofisini. Mezani palikuwa na mafaili kumi na moja.

"Mzee wangu, hawa wote wana makengeza, lakini jicho bovu linasoma zima. Inakuwaje?"

"Nawatuliza, daktari. Mwanzoni hutoa takataka tupu."

"Na hizo takataka ziko wapi?"

"Nazifuta."

Daktari alishusha pumzi. "Hizo ndizo tulizokuwa tunazitaka. Kule kutangatanga kwa jicho ndiko ugonjwa wenyewe. Mtoto hawezi kulituliza hata ukimfokea mpaka kesho."

"Mbona walituliza?"

Daktari akamkalisha kwenye mashine, akamziba jicho kwa kile kizibo cha mpini alichokitumia kila siku, akamfokea. Bwana Tulia akajikuta amegeuza shingo, na lile jicho lililozibwa likachomoza pembeni. Mashine ikalidaka hilo hilo. Kumbe watoto walichungulia kwa jicho zima, na walichungulia kwa kumwogopa yeye.

Masikio yalimwaka. Alitamani sakafu ile aliyoifagia ipasuke immeze. Faili la juu lilikuwa la msichana wa miaka saba, mtoto wa mama mmoja fundi cherehani, na siku yake aliikumbuka vizuri, maana alimsindikiza mwenyewe hadi kwenye benchi. Alimwambia mama mtu, "Mwanao haumwi. Ni mtundu tu, mkanye." Daktari alimweleza kwamba jicho zima la mtoto yule lingezibwa saa kadhaa kila siku, ili lile vivu lilazimike kufanya kazi. Nafasi ya kupona bado ilikuwepo, ila ilipungua kila mwezi, na mwaka mmoja ulikuwa umeshapotea.

Mtoto na mama yake waliitwa Jumatatu. Safari hii Bwana Tulia alilifunika jicho zima kwa plasta. Mtoto akaweka kidevu, kisha akajibana mashavu kwa mikono yote miwili.

"Unafanya nini, mjukuu wangu?"

"Leo sitatikisika, babu. Usimwambie mama."

Alipima mara moja tu. Vidoa vikatapakaa ukurasa mzima, naye akaichapisha karatasi vile vile.

Daktari alikuwa amejitolea kusema na mzazi. Bwana Tulia alikataa. Alitoka na karatasi yake hadi kwenye benchi, mbele ya wagonjwa wote waliokuwa wakisubiri.

"Mama, mwanao hakuwa mtundu. Jicho lake linaumwa, na lilikuwa linaumwa tangu siku ile. Nilikosea mimi. Linatibika, lakini tumechelewa kwa sababu yangu. Naomba unisamehe."

Fundi cherehani aliitazama karatasi. Hakupaza sauti, afadhali angepaza.

"Mwaka mzima, baba," alisema. "Kila aliporuka mstari akisoma, nilimchapa."