Mpaka wa Ngitili Nyuma ya Kufuli

Mama yangu hapigi simu saa za kazi. Anajua niko darasani, huku Buseresere, na anauheshimu ualimu wangu kuliko ninavyouheshimu mimi mwenyewe. Kwa hiyo alipopiga saa nne asubuhi nilitoka nje mbio, nikijua kuna msiba.

"Shikamoo mama. Nani tena?"

"Marahaba. Hajafa mtu. Wanataka kuigawa ngitili."

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Kwa asiyetoka Usukumani, ngitili ni malisho tunayoyafunga mvua zikianza, nyasi zikue kwa amani, halafu kiangazi kikikaza ndipo mifugo inaingizwa. Ya kwetu, kijijini njia ya Samuye, haina uzio wala bango. Mama ameokota kuni humo, amechimba humo dawa za matumbo yetu, na ng'ombe walionisomesha walikula humo. Sasa kamati ya kijiji ilitaka kukata viwanja ng'ambo ya korongo, na mwenyekiti alisema hajaona karatasi yoyote inayoonyesha kwamba pale pamewahi kuwa ngitili. Mkutano ulipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata.

"Karatasi ipo," mama akasema. "Yule dada wa chuo kikuu aliandika yote. Si ulikuwa unamtafsiria wewe? Itafute."

Nilimkumbuka vizuri. Nilikuwa kidato cha tatu, niko likizo, yeye akaja kufanya utafiti akakaa kwetu wiki mbili. Alikula matobolwa, viazi vyetu vikavu, na karanga mpaka akaomba kufundishwa kuvianika. Mama alimtembeza ngitili nzima akimtajia miti mmoja mmoja kwa Kisukuma, huu wa jino, huu wa mama aliyejifungua, na mimi nikigeuza kwa Kiswahili, yule dada akiandika mpaka vidole vikamuuma.

Mchana ule nikaenda duka la steshenari lenye intaneti. Makala niliipata mara moja. Jina la kijiji chetu lilikuwa pale juu kwenye kichwa chake, roho ikanidunda kwa furaha. Nikasoma muhtasari, mistari michache tu, na chini yake pakawa na picha ya kufuli. Ukitaka kuendelea, lipa. Kwa dola, kwa kadi ya benki, pesa ya mbuzi mzima kwa kurasa kumi na mbili!

Jamani, niliwaka. Mama yangu hakumdai mtu hata shilingi kwa majina ya miti yake, halafu leo mwanawe alipishwe kusoma alichosema mama yake? Nilisema hayo kwa sauti, na mengine nisiyoweza kuyaandika. Mwenye duka akaniambia, "Mwalimu, usiipige meza, haijakukosea."

Chini ya muhtasari palikuwa na barua pepe ya mwandishi. Nikamwandikia bila matumaini. Jioni alijibu, makala imeambatanishwa, bure. Siku hizi anafundisha, na aliniambia kuwa hata chuo chake hakina uwezo wa kulilipia lile jarida, hivyo wanafunzi wake nao wanaiona kufuli ileile. Akauliza kama mama bado anazidisha chumvi kwenye karanga. Nilimpenda upya.

Usiku huohuo nikaisoma yote. Mama alikuwemo, ameitwa "mkulima mmoja mwanamke", na miti yake ilikuwemo na majina yake ya Kilatini. Kisha nikafika kwenye mpaka. Ngitili inaishia korongoni, makala ilisema. Na familia ya mkulima yule ina ng'ombe sita.

Loo! Nikakumbuka. Siku ile mama alilitazama daftari la mgeni, akaniambia polepole kwa Kisukuma, "Mwambie inaishia korongoni." Kwetu, anayekuja na daftari akauliza habari za ardhi na mifugo, hata awe amelala nyumbani kwako na mnampenda, unampunguzia. Hatukufundishwa na mtu, tumekua hivyo, tangu enzi za bibi zetu kukimbizana na watu wa kodi. Nami nikatafsiri, macho makavu. Ng'ombe hawakuwa sita. Walikuwa wangapi, hilo sitaliandika hapa.

Nikampigia mama. "Karatasi yenyewe inatumaliza. Bora tuiache."

"Utakuja nayo," akasema. " Na utaisoma yote."

Jumamosi nikaisoma mbele ya kijiji, nikiigeuza tena kwa Kisukuma. Nilipofika kwenye korongo, mwenyekiti akatabasamu. "Mmesikia wenyewe."

Mama akasimama. "Hapo nilidanganya," akasema. "Na huyu mwalimu wenu alikuwa anajua."

Watu wakaangua kicheko, nami nikatamani ardhi inimeze. Lakini mzee mmoja nyuma akasema, "Hata mimi yule binti nilimwambia korongoni." Mwanamke wa jirani akasema, "Na mimi." Mwisho wakasimama watu watano, na hakuna aliyekuwa amepanga na mwenzake.

"Ingeletwa tukasomewa mwaka uleule," mama akasema, "tungeisahihisha mwaka uleule." Akaja mezani. Hajui kusoma. "Ni hapa?"

"Ni hapo, mama."

Akapawekea kidole. "Usipafute. Andika pembeni. Inavuka korongo, inafika kwenye majabali ya pimbi."

Nikaandika. Wote watano wakatia dole gumba. Mwenyekiti, ambaye baba yake alichunga humohumo, akatia sahihi ya mwisho bila kunitazama, na habari ya viwanja ikaishia hapo. Nilimwangalia mama akirudi kukaa, akivuta kanga yake, nikajiona nina bahati kuzaliwa na mtu yule.

Ukurasa ule niliupiga picha nikamtumia yule dada. Aliyaongeza masahihisho, akataja kuwa yametoka kwa wenye ngitili, akaiweka makala kwenye hifadhi ya wazi ya chuo. Nikaifungua kwa simu yangu, nikiwa ofisi ya walimu, haikuniuliza kadi. Nikampigia mama hapohapo, saa za kazi.

"Mama, kufuli imetoka. Sasa mtu yeyote duniani anaweza kuisoma."

"Yeyote?"

"Yeyote."

Akafikiri. "Hata mtu wa kodi?"

"Hata yeye."

"Basi mpaka mmefanya vizuri kuusahihisha," mama akasema. "Wale ng'ombe waacheni wawe sita."