Jarida la Wafula

Juzi, kwenye duka moja Kitale, nilishika jarida la gemu za video, karatasi zake nzito, wachoraji wa gemu wakisifiwa humo kama wasanii. Puani ikanijia harufu ya mafuta ya mandazi.

Kaka yangu Wafula alikuwa na jarida lake, alilolichora kwa kalamu akieleza kila gemu tuliyocheza kwenye kibanda cha gemu. Alasiri moja, nikiwa bado mdogo, sokoni Chwele, niliona kurasa zake zimetumiwa kufungia watu mandazi. Nilikimbia nyumbani kwa furaha.

“Wafula, soko lote linasoma jarida lako.”

“Si ni makaratasi tu nilimpa mama wa mandazi,” mama yetu akasema.

Wafula alicheka, nami nikadhani amefurahi. Hakuchora tena. Juzi nilipompigia simu kumweleza nilichoona dukani, aliniuliza mbolea huko Kitale ni pesa ngapi.