Udi wa Waimbaji

Nna wajukuu tele, na kiherehere bado hakijanitoka. Mjukuu wangu Rahma na wenzake wachache walikodi ukumbi hapa Ruwi, waimbe opera ya Kitaliano ambayo, anasema, hata Wataliano wenyewe hawaiimbi siku hizi. Mwaka mzima wanafanya mazoezi wakitoka kazini. Mie nilipewa kupiga pasi nguo zao tu.

Nikazinusa. Jasho tupu! Mtu atatokaje mbele za watu hivyo? Nikafunga mlango wa chumba cha kuvalia, nikatia udi kwenye chetezo, nikazifukiza kama za bibi harusi. Wakavaa humo humo, moshi umetanda.

Pazia likafunguliwa. Rahma akavuta pumzi ya wimbo wake wa kwanza, kikatoka kikohozi. Mwenzake akajibu kwa kikohozi. Watu wakapiga makofi, wakidhani ndo opera yenyewe.

Wanjiru, msimamizi wao Mkenya, anayeniita shosho, yaani bibi, akaja mbio chumbani. "Shosho, nani anachoma kitu huku? Rahma sauti imekwisha!"

"Hapana aliyechoma kitu," nikamkaripia. "Hawakufanya mazoezi hao."

"Na hicho umeshika kinatoa moshi?"

Nilikuwa nafukiza nguo za sehemu ya pili.