Ukimya Tuliomwekea Baba

Baba alipokuja kuishi nasi Butimba baada ya mazishi ya mama, nilipiga marufuku kelele. Redio ikazimwa. Watoto wakafundishwa kufunga mlango taratibu. Jirani aliyezoea kufungulia kwaya tangu asubuhi nilimfuata mwenyewe, na kwa kuwa hasira zangu zinajulikana mtaa mzima, alipunguza bila kubisha. Nilitaka mzee apumzike.

Wiki haikuisha, akafunga mzigo.

"Nirudishe Magu, mwanangu. Hapa silali."

Niliumia. Huko Magu alikuwa anarudi kwenye nyumba tupu, iliyopakana na mashine ya kukoboa mpunga inayonguruma kutwa. Nikamuuliza, ni chakula? Ni wajukuu wanamsumbua? Akasema hapana, kila kitu kizuri. Nikanuna. Nikamwambia basi, tutaondoka Jumamosi.

Ijumaa mchana maji ya bomba yalirudi baada ya mgao, yakaanza kuingia kwenye tangi lililo nyuma ya dirisha lake. Yalimwagika kwa mvumo mmoja, shaaa, bila kupumzika. Nikakimbia kwenda kufunga koki. Nilipopita mlangoni kwake nikamwona amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Sikuwa nimemsikia akikoroma tangu afike. Koki nikaiacha. Tangi lilipojaa nikafunga, naye akafumbua macho papo hapo.

"Mbona mmefunga?" aliuliza, kama mtu aliyevutwa shuka.

Ndipo akanieleza. Alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine zile zilimwachia filimbi masikioni. Filimbi hiyo haizimiki. Pakiwa na mvumo wa karibu, inafunikwa. Pakiwa kimya, inabaki yeye na yenyewe. Mama alijua. Sisi baba hakutuambia kwa sababu hakutaka tumwone mgonjwa. Nilimsikiliza huku nikiwakumbuka wanangu walivyokuwa wakitembea kwa ncha za vidole, nikaona aibu, nikacheka pia.

Binti yangu alisema kitu hicho kina jina, kinaitwa kelele nyeupe: sauti iliyo sawa muda wote, haina maneno wala wimbo, kazi yake ni kufunika sauti nyingine. Akaweka simu ipige mvua. Baba akasikiliza kidogo, akaniambia nianue nguo. Mwishowe tukampa feni kuukuu ya sebuleni, tukaigeuzia ukutani asipigwe na baridi. Ilivuma hovyo, naye akalala. Jumamosi ikapita, mzigo ukarudi kabatini, na hakuna aliyeutaja.

Siku hizi ninachokiogopa ni ukimya. Umeme ukikatika mchana, feni inasimama na nyumba nzima inatulia, najua huko chumbani filimbi imeanza. Nachukua ungo na mchele, naketi chini ya dirisha lake, napepeta. Napepeta mpaka nimsikie anakoroma, na baada ya hapo naendelea kidogo. Mchele wenyewe ni wa dukani, hauna hata pumba moja.