Mabati ya Geji Ishirini na Nane

Iko siku moja sijaisahau, mwanangu, na wala sitaki kuisahau. Ni siku niliyosimama katikati ya duka la watu, pale Miembeni, Bukoba, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha nikarudi Muleba mikono mitupu. Haki ilikuwa yangu. Niliipeleka vibaya tu, ikakosa wa kuipokea.

Nakusimulia kwa sababu ninyi wa leo mnanunua kwa picha kwenye simu. Umeambiwa viatu ni vya ngozi, vinafika vya plastiki, na kabla hujavitoa kwenye mfuko umeshaandika matusi kila mahali. Nawaona. Basi kaa, usikilize.

Nilikuwa mke kijana. Mume wangu alikuwa kazini Mwanza, mimi nikabaki huku na mama yake, Ma Adelina, mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye kifua kibovu. Nyumba yake, pembeni ya yangu, ilikuwa ya nyasi, tena nyasi zilizochoka. Mvua ikinyesha tulihamisha kitanda chake kutoka kona hii kwenda ile, na kikohozi kikitufuata nyuma. Mwaka ule kahawa ilizaa vizuri. Tukakubaliana kwamba msimu ukiisha tutamwezekea bati, kabla mvua za vuli hazijaanza.

Mimi ndiye niliyekwenda kununua. Fundi wetu aliniambia jambo moja tu: "Mama, chukua geji ishirini na nane. Namba ikizidi hapo, bati linakuwa jepesi." Nilicheka moyoni. Tangu lini namba ikazidi na kitu kikapungua? Niliishia darasa la nne, lakini kuhesabu nilikuwa najua. Sikumuuliza zaidi, maana niliona aibu kuuliza.

Dukani nikasema nataka ishirini na nane. Mwenye duka akanionyesha rundo linalong'aa. "Haya ndiyo yenyewe, binti. Wewe utazeeka, yenyewe yatabaki." Akaandika risiti, akagonga muhuri, lori likapakia. Sikuinua hata bati moja. Niliona linang'aa, nikaridhika.

Halafu nikaongeza ujinga juu ya ujinga. Mabati yalipofika nyumbani, siku ileile nikaita majirani tukaezua nyasi zote. Zote, mwanangu! Nilitaka watu wapite barabarani waone mbao tupu, wajue kwamba kesho hapa kunawaka bati. Ma Adelina akaniuliza, "Mbona mnaharakisha hivi, waitu, jamani?" Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Tukamlaza jikoni kwa siku mbili, ndivyo tulivyodhani.

Asubuhi fundi akapanda juu. Akapigilia la kwanza, la pili, la tatu, kisha akashusha nyundo.

"Mama, nani kakuuzia haya?"

"Kwani yana nini?"

"Msumari unazama kama kwenye kopo. Hii siyo ishirini na nane. Hii ni thelathini na mbili, kama siyo karatasi. Upepo wa ziwani ukivuma, paa lako utaliokota migombani kwa jirani."

Nikahisi damu inapanda kichwani. Sikunywa hata chai. Nilidaka gari la kwanza kwenda Bukoba, na njia nzima nilikuwa napanga matusi, nikiyachagua moja moja, hili nalo, hili nalo. Niliposhuka nilikuwa nimejaa.

Duka lilikuwa na wateja wengi. Sikusalimia mtu. Nikaanzia mlangoni: "Mwizi mkubwa wewe! Umemwibia mgonjwa!" Watu wakageuka. Wengine wa nje wakaingia. Unajua neno hilo kwetu linavyoita watu. Mwenye duka alishtuka, nilimwona, na kama ningekuwa na akili siku ile ningenyamaza hapohapo. Lakini nikaendelea, nikamtaja na mama yake aliyemzaa. Hapo ndipo nilipompa pa kusimama.

Akaweka kalamu chini, taratibu. "Mabati unayoyasema yako wapi?"

"Nyumbani."

"Risiti?"

"Nyumbani."

"Sasa hapa umekuja na nini?"

Mama mmoja aliyekuwa ananunua misumari akasema, "Si umeona? Amekuja na mdomo!" Duka zima likacheka. Wale niliowaita wawe upande wangu ndio waliocheka kwa nguvu zaidi. Mwenye duka akanionyesha kwa kidole kibao kilichokuwa ukutani. Kiliandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Nikatoka, na machozi nikayatolea stendi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Ma Adelina amekaa jikoni karibu na moto, shuka mabegani. Juu, nyumba yake imebaki mifupa. Nikamweleza yote, nikitegemea anionee huruma. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaniuliza:

"Mwana wange, kule mjini ulifuata bati au ulifuata kelele?"

Akasogeza kuni motoni.

"Maana kelele umezipata."

Hakuwahi kunipiga mama yule, wala kunipandishia sauti. Lakini maneno yale bado yananiuma ninapokusimulia hapa. Aliendelea, polepole, anapumzika katikati ya maneno kwa sababu ya kifua. Akaniambia, ulikuwa na jambo la kweli, ukalichanganya na matusi, sasa mtu yule anajibu matusi na bati limesahaulika. Akaniambia pia: mimi ndiye ninayelala jikoni, na sijamtukana mtu. Wewe unayelala chumbani kwako chini ya paa umemtukana kwa niaba ya nani?

Kisha akauliza iko wapi ile karatasi. Nikashika kichwa. Karatasi ile nilikuwa nimeifungia chumvi.

Akaniambia nimletee kitabu chake cha nyimbo za kanisani. Risiti ilikuwa ndani, imekunjwa mara mbili, ina chembe za chumvi kwenye mikunjo. Ma Adelina hakujua kusoma hata herufi moja. Nyimbo zote alikuwa nazo kichwani, kitabu alikishika kwa heshima tu. Lakini alijua karatasi yenye muhuri haifungiwi chumvi. Mimi mwenye darasa la nne sikujua.

Kesho yake akanituma kwa karani wa mizani, kwenye ghala la chama cha ushirika tunakouzia kahawa. Nikapeleka bati moja kati ya yale ambayo hayajapigiliwa. Karani akaniona nalo kichwani, akacheka: "Waitu, siku hizi tunapokea na mabati? Yamekauka vizuri?" Nilipomweleza akaacha mzaha. Ghala lao liliezekwa kwa geji ishirini na nane, na mabati mawili yalibaki. Akaweka lao kwenye mizani, likafika karibu kilo tisa. Akaweka langu, urefu uleule, upana uleule. Mkono wa mizani haukufika hata sita. Akaandika uzito wa yote mawili kwenye karatasi, akatia sahihi na tarehe. Hakunitoza kitu. Alisema tu, "Hiyo mizani haina ndugu."

Jioni Ma Adelina akanipa kifurushi kidogo cha jani la mgomba. Ndani kulikuwa na kahawa ya kutafuna, ile ya kuchemshwa na kukaushwa tunayompa mgeni. "Mpe mwenye duka."

Nikaruka. "Aliyenidanganya ndiye nimpelekee zawadi?"

"Siyo zawadi. Anayetafuna kahawa hapigi kelele. Na wewe utafune."

Basi nikaenda tena. Bati nimelikunja na kulifunga kamba, limepanda juu ya gari. Karatasi mbili kifuani. Nilifika mapema kabla wateja hawajajaa, maana Ma Adelina alisema mtu akitazamwa na watu hawezi kurudi nyuma, hata akitaka.

"Shikamoo, baba."

Aliniangalia. "Wewe si ndiye uliyeniita mwizi juzi?"

"Ndiye mimi. Lile neno nimelifuata nilirudishe, na yale ya mama yako pia. Ilikuwa hasira. Unisamehe." Nikaweka kile kifurushi kwenye kaunta, nikafungua, nikachukua punje moja nikatia mdomoni. Yule ni Mhaya, angeikataaje kahawa? Akachukua. Tukatafuna, tukiangaliana kama mbuzi wawili.

Kisha nikamwambia nilichokuja nacho, kwa maneno machache, kama nilivyofundishwa. Nilinunua geji ishirini na nane, hii hapa karatasi yako na muhuri wako. Nimeletewa hili hapa. Mizani ya chama imesema hivi. Nikamwomba achukue bati lake la ishirini na nane mkono mmoja na hili mkono wa pili.

Hakulishika mara moja. Akatazama kibao chake. "Umesoma pale? Mali ikishauzwa hairudishwi."

"Nimesoma. Lakini uliyoniuzia mimi ni haya uliyoyaandika hapa. Haya bado hayajatoka dukani mwako. Nimekuja kuyachukua."

Akaacha kutafuna.

Nikaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba naomba tumalizane mimi na yeye. Akishindwa, nitakwenda kwa afisa biashara na karatasi zangu mbili, na huko nako sitapiga kelele.

Akashika mabati yote mawili. Akalipandisha hili, akalipandisha lile. Mikono yake mwenyewe ikamwambia. Akayaweka chini, akasema, "Leta yote. Lakini yenye matundu siyapokei."

"Yenye matundu ni matatu. Hayo ni yangu, niliyapigilia kabla ya kuyatazama."

Hapo akacheka kwa mara ya kwanza. Mpaka leo sijui kama alinidanganya au naye alidanganywa huko alikoyachukua. Sikumuuliza. Ma Adelina alihitaji paa, na jibu hilo lisingemfunika.

Siku mbili baadaye mabati mengine yalifika, pamoja na matatu niliyoyalipia upya. Mara hii niliinua kila moja kabla halijashuka kwenye lori, mwenye gari akalalamika mpaka akachoka. Fundi akamaliza Jumamosi. Jumanne mvua ikaja, mvua yenyewe ya kwetu, isiyobisha hodi. Ma Adelina alikuwa kitandani mwake, kona yake, akiisikiliza ikigonga juu. "Inaniita," akasema, "lakini mimi sitoki." Akalala mpaka asubuhi kitanda hakijasogezwa.

Yale matatu yenye matundu tuliezekea jiko, na jiko lilikuwa langu. Likavuja miaka. Kila masika nilipika ugali na ndizi nikilowa bega la kushoto, na Ma Adelina hakunipa pole hata mara moja.

Sasa nakuachia haya, mwanangu. Ukinunua kitu, kishike, kiinue, uliza hata kama utaonekana mjinga. Usitoboe, usikate, usitumie kabla hujaridhika. Karatasi yenye muhuri iweke mahali unapoweka vitu vya heshima. Ukiona umeuziwa kisicho chenyewe, usikubali, usiseme basi yaishe, maana ni jasho lako. Rudi. Ila rudi na kitu chenyewe mkononi, karatasi mfukoni, na salamu mdomoni. Sema ulichoahidiwa, onyesha ulichopewa, taja unachotaka, unyamaze usubiri. Akikataa, kuna ofisi. Na palipo na kosa lako, libebe mwenyewe kabla hajakuonyesha yeye.

Mungu akupe mikono inayojua uzito wa kitu, na ulimi usiokutangulia dukani. Akupe paa zima, wewe na wote watakaolala chini yake, na mvua ikinyesha asiwepo wa kuhamisha kitanda.