Rekodi ya Mwanangu Iliyoangusha Watoto wa Watu

Uvumi ulinikuta kwenye foleni ya maziwa, dumu likiwa mkononi.

"Mama Upepo, usinichukie. Lakini mwanao hakupanda kile kilima kwa miguu yake."

Aliyesema ni mke wa fundi cherehani, mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo. Nikacheka.

"Kwani alipanda kwa mikono?"

Hakucheka. "Kuna kitu kilimbeba. Na sasa kinadai. Kila anayeufukuza muda wake kinamtupa chini. Wawili tayari. Watu wanasema wa tatu atatoka nyumbani kwako."

Foleni nzima ikainamia madumu yake. Hapo nikajua wote walishausikia uvumi huo, nilibaki mimi tu.

Niwaeleze mnielewe.

Barabara yetu ya lami inaanzia kijiji cha juu kabisa, kule ambako ukungu hauondoki mpaka jua liwe kali. Inashuka kwenye mashamba ya viazi, inapanda kilima kimoja kikali, halafu inashuka tena kwa kona kona mpaka darajani, karibu na kwangu.

Vijana wa baiskeli za mbio wanaipenda kufa. Nguo zimewabana, miwani kama macho ya nzi. Wanafunga simu kwenye usukani, programu inawapimia muda toka kijiji cha juu hadi darajani, inawapanga nani wa kwanza, nani wa mwisho.

Wa kwanza alikuwa mwanangu mkubwa. Ndiyo maana wakambatiza Upepo.

Tena hakuwa wa kwanza wa kubahatisha. Aliwaacha wote mbali. Simu ilionyesha kile kilima alikipanda kama mtu anayeshuka. Kwa sababu ya muda ule, duka la baiskeli mjini lilimpa kazi na kutundika picha yake ukutani, kubwa kuliko mlango. Mimi mwenyewe nilikwenda kuiona. Nikaigusa.

Halafu watu wakaanza kuanguka.

Mtoto wa muuza mbegu aliruka mtaro kwenye kona za chini, akavunjika nyonga. Hadi leo anatembelea magongo. Mwingine, mwalimu kijana, aligonga ukuta wa karavati kwa kichwa. Yu hai, lakini mama yake anamlisha kwa kijiko.

Wote walikuwa wanamfukuza Upepo.

Sasa sikia. Binti yangu, kitindamimba, naye anaendesha. Jioni ile nilimkuta jikoni anapaka mnyororo mafuta.

"Jumapili naibeba, mama."

"Unabeba nini?"

"Rekodi ya kaka. Usijali, itabaki humu humu ndani."

"Na ukianguka?"

"Aaa mama! Umeshaanza kusikiliza redio ya mke wa fundi?"

"Nakuuliza, ukianguka?"

"Pale kilimani kaka simpati, hakuna anayempata. Kwa hiyo muda nitaurudisha kwenye kona. Kule sishiki breki."

Sishiki breki. Neno hilo nililala nalo kitanda kimoja.

Nikampigia kaka yake, nikamwambia amkataze. "Mwache tu mama, ni mchezo," akasema, akakata. Nikadhani ana wateja.

Jumapili naamka, baiskeli haipo. Simu yake inaita, haipokelewi.

Lori dogo la maziwa lilikuwa linaanza kupanda, maana ng'ombe hawajui Jumapili. Nikajitupa mbele yake.

"Mama Upepo!" dereva akafoka dirishani. "Ukitaka kufa kafie kwenye gari la mchanga! Mimi nina maziwa ya watu."

"Nipeleke juu. Binti yangu atauawa na kile kitu."

"Kitu gani?"

Nikapanda, nikamweleza yote. Alicheka mpaka lori likayumba.

"Mama wee! Hicho kitu ni mimi."

"Wewe vipi?"

"Siku ile mnyororo wake ulikatika kule juu, mvua inamlowesha kama jani. Nikampakia na baiskeli yake, akakaa kati ya madumu. Maziwa yanakaribia kuharibika, nikakanyaga mafuta. Kile kilima nilikipanda kama nafukuzwa na polisi! Simu yake ilikuwa pale pale kwenye usukani, inapima tu. Kufika darajani akaiangalia, akaniambia, 'Dereva, hiki kitakuwa kichekesho cha mwaka.'"

Akanigeukia. Kicheko kikamkauka.

"Kwani... hakuwaambia? Mimi nilidhani ni utani wenu wa nyumbani."

Nikampigia mwanangu.

"Upepo. Siku ile ulikuwa ndani ya lori?"

Nyuma yake nikasikia mtu anaulizia tairi.

"Mama, nilitaka tucheke kidogo halafu nifute. Kabla sijafuta wakaanza kunipongeza. Kisha kazi ikaja."

"Na mtoto wa muuza mbegu alipovunjika?"

"Nilitaka kusema."

"Dada yako yuko huko juu sasa hivi! Mpigie umwambie!"

"Akiwa anaendesha hapokei. Mama, nakuomba. Mpandishe tu kwenye lori, umrudishe. Usimwambie sababu. Watanifukuza."

Nilimzaa mimi huyo. Nilimnyonyesha mimi. Nikaikata simu.

"Shika, mama!" dereva akapiga kelele.

Binti alitokea kwenye kona juu ya shamba la kabichi, kidevu karibu kiguse usukani, upande wetu wa barabara. Dereva akalikunja lori mpaka likakwaruza ukingo. Madumu matupu yakamwagika barabarani kama mawe. Nilimwona binti yangu akipita pembeni ya kioo, karibu sana, mdomo wazi.

Kisha hakuwepo barabarani.

Sijui nilishukaje. Nilimkuta kati ya kabichi, kofia ngumu imepasuka vipande viwili, mguu umekaa mahali ambapo mguu haukai. Macho yako wazi.

"Mama, nizimie simu," akasema. "Muda unakwenda."

Nikapiga magoti kwenye matope. Kule mjini kulikuwa na mwanangu mmoja aliyenisihi ninyamaze, na hapa mwingine anavuja damu.

Nikamwambia pale pale.

"Muda unaoufukuza ni wa lori hili. Kaka yako alikaa nyuma na madumu."

Mguu haukuwa umemliza. Hilo ndilo lililomliza.

Nikadhani mabaya yameishia hapo. Kesho yake mwenzake wa timu alikuja hospitali, akaifungua ile simu. Aliitazama, halafu akaomba tutoke nje kidogo.

"Mama, pale kilimani huyu aliwashinda wote waliowahi kupanda kwa miguu yao. Ukitoa lile lori, wa kwanza ni yeye. Angeweza kushuka ameshika breki njia nzima, na bado angeshinda."

Nilikaa chini kwenye korido kama mtoto.

Upepo alikwisha kuufuta ule muda, lakini baada ya kutumiwa picha ya mguu wa dada yake. Akakiri dukani, picha ikashushwa, kazi ikaisha. Nikaenda naye kwa muuza mbegu. Yule baba hakufoka. Alimwita mwanawe atoke na magongo yake, akasema, "Mwambie yeye, usiniambie mimi." Kwa yule mwalimu mlango haukufunguliwa.

Binti yangu ana vyuma mguuni. Anakula meza moja na kaka yake. Akiomba chumvi, ananiomba mimi, hata kama iko mbele ya kaka yake.

Siandiki haya mnionee huruma. Naandika kwa sababu barabara bado ipo, na watoto wenu wanakuja kila mwisho wa wiki. Basi:

Usifukuze muda wa mtu ambaye hakuna aliyemwona akipita.

Usiurudishe kwenye mteremko muda ulioupoteza kwenye mlima.

Usikate kona upande usio wako. Barabara ya vijijini ina malori, ina ng'ombe, ina watoto.

Usipande gari simu ikiwa bado inapima. Ukisahau, futa kabla hujapongezwa.

Usishuke bila kumwambia mtu wa nyumbani umeanza saa ngapi.

Usiseme "ni mchezo tu" na wewe unajua usichokisema.

Usinyamaze mtu wa kwanza akianguka.

Na wewe mzazi, usikubali kumtunzia mtoto mmoja siri itakayomvunja mwenzake.